Upepo Uliopotea Izigo

Mtu akiwashwa mwilini hulaumu majani aliyoyapita, kisha mkeka alioulalia, kisha mwenye mkeka. Kuivua nguo yake na kuikagua pindo kwa pindo huwa jambo la mwisho, kwa sababu nguo ni yake na anaiamini. Ndiyo maana waliotutangulia walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kamala, dereva wa Izigo wilayani Muleba, aliijua methali hii tangu alipokuwa shule. Kuijua hakukumsaidia.

Kamala alikuwa na lori zito, kuukuu lakini lenye nguvu. Kila msimu wa kahawa alibeba magunia ya kikundi cha wakulima wa Buganguzi na kuyapeleka kiwandani Bukoba. Kazi hiyo ndiyo iliyoendesha nyumba yake. Njia ya kwenda kwake ilipita katikati ya migomba ya kibanja cha ukoo, nyembamba kama mshipi, wala haikuweza kupitisha lori. Kwa hiyo lori lililala kando ya barabara kuu, uani kwa mzee Haidari, dereva mstaafu aliyempa nafasi hiyo kwa moyo mweupe.

Kila asubuhi, kabla Kamala hajapanda, Nasma mke wa Haidari alimletea kikapu kidogo cha amwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa kwa majani ya harufu nzuri na kukaushwa. Kamala alichukua punje mbili, akashukuru, akaondoka akitafuna. Kwa Wahaya punje hizo si chakula tu. Anayekupa anasema kwamba kati yenu hakuna baya, nawe ukipokea unakubali kuwa ni kweli.

Msimu ule mambo yalianza kwenda mrama. Kamala aliegesha lori jioni mitungi ya upepo wa breki ikiwa imejaa pomoni, lakini asubuhi alikuta mshale wa geji umelala kwenye sifuri kama mlevi aliyeanguka mtaroni. Lori la aina ile hushikwa na breki zake lenyewe upepo ukiisha, na haliondoki mpaka injini iujaze tena. Kompresa yake nayo ilikuwa imezeeka. Ilijaza mitungi polepole, kama mtu achotaye maji kisimani kwa kikombe. Kuamka mapema zaidi na kuwasha injini hakukuwezekana, kwani asingethubutu kuingurumisha uani kwa watu kabla hawajamaliza sala ya alfajiri. Basi akawa anachelewa Buganguzi, na wakulima wakawa wanamngoja wameketi juu ya magunia.

Mafundi wawili wa Bukoba walipapasa hapa na pale, wakakaza nati moja na kubadilisha paipu moja, wakasema limepona. Kesho yake mshale ulilala palepale.

Ndipo shaka ilipomwingia Kamala, ikaingia kimya kama maji chini ya mkeka. Kila mtungi wa upepo una kizibo chini, cha kutolea maji. Mtu akikivuta kidogo, upepo hutoka taratibu wala hakuna anayesikia. Nani alijua jambo hilo? Dereva. Nani alilala karibu na lori? Haidari. Tena Haidari alikuwa na mpwa wake, Riyadhi, mwenye lori lililokosa kazi pale Bukoba mjini. Kamala aliyaunganisha mambo hayo mpaka yakawa kamba, na kamba hiyo akamfunga nayo mzee wa watu, moyoni.

Alimweleza mkewe. Judica, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa akimenya ndizi na hakuinua uso.

"Huyo mwizi wa upepo anauweka wapi?" aliuliza. "Kwenye gunia?"

"Wewe cheka tu. Mimi nitamshika."

Siku iliyofuata Kamala alirudi mapema, akaegesha uani, akazima injini na kubaki kwenye kiti chake tangu adhuhuri hadi magharibi, macho kwenye geji. Haidari alipita mara kadhaa akimchungulia. Mshale haukutikisika. Kamala aliposhuka kwenda nyumbani alikuwa ameridhika kabisa, maana ushahidi gani mwingine ulihitajika? Akiwapo, upepo upo. Asubuhi akakuta sifuri.

Nasma alikuja na kikapu kama kawaida. Kamala alikitazama, akasema kwamba meno yanamuuma. Nasma alisimama kidogo akiwa amekishika, kisha akarudi ndani. Haidari, aliyekuwa akitawadha karibu na mlango, aliona yote. Alimimina maji yaliyobaki kwenye birika taratibu, kana kwamba yangeweza kuvunjika. Katika nchi ile, kukataa kahawa ya mwenyeji wako wa kila siku ni kumwambia kwamba unaogopa mkono wake.

Jioni hiyo Kamala alihamishia lori Buganguzi, kwenye uwanja wa ghala la kikundi, naye akalala kwa shemeji yake. Palipopambazuka alikwenda akipiga mluzi. Alipopanda na kutazama geji, mluzi ulimfia mdomoni. Sifuri. Mtu mwingine angejiuliza swali jipya, lakini mwenye shaka hujibu kila swali kwa jibu lilelile. Kamala alijiambia kwamba Haidari ana mkono mrefu.

Renatha, katibu wa kikundi, alisimama mlangoni pa ghala huku wapagazi wamekunja mikono.

"Kaka Kamala, leo lori limelala mlangoni kwangu na bado umechelewa," alisema kwa upole. "Jumatatu ikiwa hivi, waitu, ndugu yangu, nitamwita Riyadhi. Sina namna."

Jina hilo lilimchoma kama upupu.

Jumamosi alipeleka mbao za ujenzi Kashozi. Alizima lori katikati ya uwanja mpana, na wakati vijana wakishusha mbao kwa nyuma, yeye aliketi juu ya rundo la mbao akilitazama kama paka atazamaye shimo la panya. Hakuna aliyeinama chini ya lori. Hakuna aliyegusa mtungi. Hakuna aliyemjua Haidari mahali pale. Mbao zilipokwisha alipanda, akatazama geji. Mshale ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu.

Hapo ndipo kamba aliyoisuka ilipoanza kufumuka. Aliomba maji na sabuni, akakoroga povu zito, akajaza tena upepo na kuzima injini. Akaanza mwanzo: kompresa, kisha paipu inayotoka humo, kisha mtungi wa kwanza na kizibo chake, kisha kila kiungo mpaka gurudumu la mwisho. Alipaka povu, akangoja, akatazama. Penye tundu povu huvimba na kutoa mapovu. Hapakuvimba kitu, na bado mshale ulikuwa ukishuka.

Kamala alisimama na sufuria yake ya sabuni, akafikiri bila haraka, labda kwa mara ya kwanza msimu ule. Uani kwa Haidari, mchana ule alipokodoa macho, mshale haukushuka. Wakati ule kulikuwa na nini ambacho sasa hakipo? Kulikuwa na yeye, ameketi.

Alifungua mlango, akapanda ngazi, lakini hakuketi. Aliinamisha kichwa ndani na kuzuia pumzi. Sauti nyembamba ilitoka chini ya kiti, mfano wa mama anayemnyamazisha mtoto.

Kile kilikuwa kiti cha upepo, chenye mfuko wa mpira chini yake. Kamala alikinunua kikuukuu Bukoba, kabla tu ya msimu, kwa ajili ya mgongo wake, akakifunga mwenyewe na kukifunika kwa kitenge. Kwa kutaka kumaliza haraka, hakukiunga mahali panapostahili. Alikata paipu ya breki akaweka kiungo chake hapo. Aliinua kitenge. Mpira ulikuwa na ufa kwenye kunjo. Alipoketi, uzito wake uliufumba ule ufa. Aliposhuka, kiti kiliinuka, mpira ukanyooka, ufa ukafumbuka, na upepo wa breki zote ukatokea hapo. Wale mafundi wa Bukoba alikuwa akiwasimamia hapohapo kwenye kiti, akiwasomea geji.

Aliking'oa kiti hicho, akaziba paipu, akafunga kile cha zamani, kigumu kama jiwe. Jumatatu alifika Buganguzi hata wapagazi hawajafika. Renatha alitabasamu, akamwambia amshukuru mzee Haidari. Kamala akauliza kwa lipi.

"Nilikwishampigia simu mara mbili kuomba lori la mpwa wake. Mara zote alikataa. Alisema mwenye kazi yuko njiani, tumvumilie. Hata juzijuzi ulipohama kwake, alisema hivyohivyo."

Jioni alisimamisha lori mbele ya ua wa Haidari, akaingia kwa miguu, akamkuta mzee amekaa barazani. Alisimulia yote tangu mwanzo, hakujisitiri popote. Haidari alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipokataa kahawa sikuuliza," alisema. "Nilijua sababu itakuja yenyewe. Leta gari ndani."

Kisha akamwita Nasma. Kikapu kililetwa, lakini Nasma hakumpelekea Kamala kwanza kama zamani. Alimpelekea mumewe. Haidari akachukua punje moja, akaitafuna mbele ya Kamala, akaimeza, ndipo akamsogezea kikapu. Hivyo ndivyo afanyiwavyo mgeni asiyemjua mwenyeji wake, ili asihofu. Kamala alichukua zake kwa mikono miwili, na uchungu wake ulikaa mdomoni mpaka nyumbani.

Alikuwa ameusaka mkono wa jirani chini ya lori, kumbe adui yake ni kile kiti alichokikalia kila siku na kukifunika kwa kitenge. Kikulacho ki nguoni mwako.