Ngiri Aliyeificha Chunusi

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, na atakayetazama kidevu changu badala ya kunisikiliza atoke nje.

Hapo zamani za kale, kiangazi kilikausha mito yote. Likabaki dimbwi moja. Fisi akasema, "Wakubwa tunywe kwanza, wadogo watakunywa kitakachobaki." Na kitakachobaki, jamani, ni tope. Wadogo wakakataa. Tembo akaitisha mdahalo, jua likifika utosini. Upande usio na msemaji ukose maji.

Wadogo wakamchagua Ngiri. Kwa nini Ngiri? Binti yule alikuwa na mdomo. Alibishana na mvua. Alibishana na mwangwi wake mwenyewe, akadai ameshinda.

Asubuhi ya mdahalo akapita dimbwini, akajitazama majini. Akaona chunusi puani. Moja. Ndogo kama punje ya mtama.

Sasa uso wa ngiri mnaujua. Manundu hapa, manundu pale, meno yamechomoza kama vipini vya majembe. Hayo yote hakuyaona. Aliona chunusi. Msimcheke, hata mimi ningeiona hiyohiyo.

Tumbili akashuka mtini. "Dada Ngiri, hiyo kamua."

"Una hakika?"

"Binamu yangu alikamua. Akapaka na ndimu."

"Akapona?"

"Tangu siku hiyo hajatoka nyumbani."

Mwenye akili angeishia hapo. Bingwa wetu wa hoja hakuuliza swali jingine. Akabinya, pyu. Akapaka ndimu, akaruka, wiii. Akasugua kwa mchanga, kwaru, kwaru, kwaru. Punje ya mtama ikawa nyanya, nyekundu, inapwita.

Akakimbilia nyumbani kujificha. Ngiri wote huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, ili uso ubaki mlangoni kumwangalia adui. Mtoto wa ngiri hufundishwa hilo kabla hajajua kutafuna. Lakini uso ndio aliotaka kuuficha. Akaingia kichwa mbele. Ndii, akakwama. Kichwa gizani, makalio juani, mkia wima kama bendera.

Kule dimbwini Fisi akacheka. "Mheshimiwa mwenyekiti, wenzetu hawana msemaji. Nianze kunywa?"

Tembo akasema, "Ngoja kivuli changu kiishie chini ya tumbo."

Shangazi yake Ngiri akaja kumtafuta. Akakuta mkia.

"We, hayo makalio ya nani?"

"Yangu, shangazi," sauti ikatoka chini.

"Yanafanya nini hapo?"

"Yanaficha uso."

"Basi yameweza. Hakuna anayeutazama."

Akamvuta mguu. Akavuta, akavuta, akavuta, pwaa. Akautazama ule uso.

"Nani kakuchuna hivi?"

"Mimi mwenyewe. Nimekamua, nikapaka ndimu, nikasugua mchanga."

"Kwa chunusi moja, mwanangu? Ungeosha uso taratibu kwa maji safi, ukaondoa mikono. Ingesinyaa yenyewe. Haya twende, watu wana kiu."

"Na uso huu?"

"Una mwingine?"

Wakakimbia, puku puku puku. Kivuli cha Tembo kilikuwa kimebaki uzi. Fisi alipomwona akagaagaa chini kwa kicheko. "Huo ni uso au kidonda?"

Ngiri akasimama katikati. "Mwenyekiti, ni uso. Nilikuwa na chunusi, nikaipiga vita, ikanishinda. Na njia nzima imeona makalio yangu, kwa hiyo leo sina cha kuficha. Nina swali moja tu. Fisi, sisi wadogo tukifa kwa kiu sasa, baadaye utamla nani?"

Fisi akawatazama wadogo mmoja mmoja, akasogea kando ya dimbwi.

Tembo akasema, "Wote mtakunywa kwa zamu, wadogo waanze."

Ngiri akanywa. Na kile kidonda? Alikiosha, akakiacha. Kikapona. Kovu dogo likabaki puani, na kovu lile lilitokana na kukamua, si na chunusi.

Funzo ni hili. Chunusi ya mara mojamoja usiikamue, usiipake ndimu wala dawa ya meno, usiisugue. Osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, asubuhi na jioni, kisha nenda kwenye shughuli zako, uso wako mbele. Chunusi zikijaa na kuuma, mwone daktari, si Tumbili.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi mliokaa karibu, nishikeni huu mkono, unaelekea kidevuni.