Mtu wa Mwisho wa Mlolongo

Nitegeeni masikio, na majibu yenu yakae karibu, maana mimi sina.

Palikuwa na watu watatu wa chama kimoja, wote wakiutaka urais, na chama kilihitaji mmoja tu wa kwenda kupambana na rais aliyekalia kiti. Majura alijaliwa ulimi: akisema, hata wasiompenda walisogea kumsikiliza. Bi Tabia alijaliwa kuijua serikali mlango kwa mlango, kwani aliwahi kuwa waziri kabla ya kujitoa. Ngoda alijaliwa msimamo. Akishasema hapana, ni hapana.

Zamda wa Mkongeni aliwashukuru wote watatu kwa jambo moja. Wakata mkonge wa mji wake waligoma, wakatiwa ndani, na kati yao walikuwamo mumewe Mhina na Singano, mdogo wake yeye Zamda.

Majura alizunguka nchi akiyataja majina ya wafungwa hao kwenye kila mkutano, mpaka watu wasioijua Mkongeni wakayashika. Bila yeye wangesahaulika.

Bi Tabia aliingia ofisi hii akatoka ile, akaitafuta sheria iliyovunjwa, na jaji asiyeogopa kulisema hilo. Bila yeye kelele zingebaki kelele.

Ngoda alifungwa pamoja nao. Aliambiwa atoke peke yake, akakataa. Serikali ilipowataka wafungwa wakiri kosa, wengi walikuwa wamechoka na wangekiri, lakini alikaa nao usiku na mchana akiwatia moyo. Wangekiri, hata jaji asingekuwa na la kufanya.

Basi wakatoka, isipokuwa wachache waliofunguliwa kesi mpya. Singano alikuwa mmoja wao. Kila mtu alijua kwamba hao hawatatoka mpaka rais mwingine aapishwe.

Ikaja siku ya kura ya mchujo. Chama hicho kilipiga kura kwa mlolongo: kila mtu husimama nyuma ya picha ya amtakaye, mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Kwingine kote watu walikuwa wameshapiga na wale watatu wametoka sare. Ilibaki Mkongeni peke yake.

Zamda alichelewa, maana alianzia gerezani kumpelekea Singano chakula. Alipoingia uwanjani, geti likafungwa nyuma yake. Msimamizi akahesabu milolongo, akarudia, akaikuta yote mitatu inalingana. Kisha akamgeukia Zamda, na uwanja mzima ukamgeukia.

Mhina alikuwa kwa Majura, na pale Mkongeni mke na mume hawakuwa na desturi ya kusimama milolongo tofauti. Akamwachia nafasi mbele yake.

"Njoo huku, mama Hiza," alimwambia kwa upole. "Huyu ndiye atakayemshinda rais. Tukimsimamisha wa kushindwa, shemeji yangu atafia mle ndani."

Zamda alijua mumewe hasemi uongo. Lakini alijua pia kwamba juzi Majura aliulizwa kama atawaachia wafungwa, akajibu kuwa litaangaliwa, asije akawaudhi wapiga kura wa upande wa pili.

Kwa Bi Tabia alisimama jirani yake, Bi Namsifu, aliyemkumbusha kwamba kuapishwa ni siku moja, na baada ya hapo kuna kazi, nayo inataka mtu anayeijua. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ila sheria iliyomfunga Singano ilipitishwa Bi Tabia akiwa waziri, na siku hiyo alinyamaza.

Kwa Ngoda hakuna aliyemwita. Hata waliosimama pale walikubali kwamba nje ya chama watu wanamwogopa, na huenda akashindwa vibaya. Lakini asubuhi ile, Singano alikuwa ameirudisha sahani tupu kupitia nondo na kumwambia, "Dada, usichague kwa ajili yangu. Chagua ambaye hataniletea mfungwa mwingine humu." Zamda akamkumbuka Ngoda aliyekataa kutoka peke yake.

Zamda alimpenda mumewe, alimtaka mdogo wake nyumbani, na alichoka kuogopa. Msimamizi akamwambia muda umekwisha, achague. Akainua mguu.

Haya, ninyi mliosikia: mngemsimamisha Zamda nyuma ya nani? Na kesho mkipeleka chakula gerezani, Singano akawauliza kwa nini, mtamjibu nini?