Shada la Bi Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, niwape habari za Bi Kidawa, bibi wa zamani sana, wa kijiji ambacho hata jina lake limesahaulika.

Bi Kidawa alipenda maua, jamani! Alikuwa na kichaka kimoja, ndugu wa bilinganya na ngogwe, yaani nyanya chungu, ila tunda lake ni sumu, haliliwi. Alikiotesha kutoka kitawi. Akakitilia samadi, akakitilia maji, akakikinga na jua kali. Kikakua, kikakua, kikachanua maua ya zambarau. Nyuki vuuum! Vuuum!

Mjukuu wake Semeni akaposwa na kijana wa ng'ambo ya mto. Naye Semeni alimpenda. Bi Kidawa akakata shada, akalituma kwa baba wa kijana, Mzee Ngwali. "Mwambieni tumekubali."

Mto ulikuwa umejaa. Wajumbe wakangoja maji yapungue. Walipofika, Mzee Ngwali akafunua kitambaa. Lo! Maua meupe pe!

"Nyeupe ya sanda!" akanguruma. "Wananiombea kifo! Harusi hakuna!"

Wajumbe waliporudi na habari hiyo, Semeni akalia kwi, kwi, kwi.

"Nyamaza, mama," akasema Bi Kidawa. Akachukua mche aliouotesha chunguni, umejaa vitumba, akajitwika. Akajikongoja, akajikongoja, mpaka kwa Mzee Ngwali.

"Hodi!"

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukaa. Siondoki mpaka vitumba hivi vichanue. Nipe kigoda, baba, na uji kama upo."

Angemfukuzaje bibi kizee? Akampa uji.

Vitumba vikachanua: zambarau! Mzee Ngwali akanuna: "Mimi mliniletea meupe!" Kulipokucha, rangi imepauka. Akakuna kichwa. Akavuta kigoda chake karibu na chungu, akakodoa macho, hata chakula akaletewa papo hapo. Maua yakapauka, yakapauka, yakawa meupe pe, wala hakuna mkono ulioyagusa. Na pembeni yake mengine yanachanua, zambarau!

"Kumbe ndivyo yalivyo?"

"Ndivyo yalivyo, baba. Hatukukuombea kifo. Tulikutumia furaha yetu, ikazeeka njiani."

Mzee Ngwali akacheka kwa! kwa! kwa! mpaka kilemba kikadondoka. "Semeni aje! Nitamfuata mwenyewe, na kumwomba radhi nitamwomba!"

Akamfuata, akamwomba radhi. Ngoma ikalia ndu! ndu! ndundundu! Bi Kidawa akaingia uwanjani, akacheza, akacheza, mpaka bibi harusi akasahaulika, watu wote wanamshangilia bibi yake.

Basi, wanangu, jambo likikuudhi, uliza kwanza. Ukishajibiwa, ukasirike ukitaka.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotua mzigo.