Kiboko Alipofunga na Kindi Akafunga

Hapo zamani za kale, na msinikodolee macho, mimi nilikuwepo! Nilisimama karibu hivi, mpaka jasho la Kiboko likanilowesha, nikaanika shati siku tisa.

Kiboko alitaka kumwoa Zuwena. Tatizo lilikuwa kitanda. Kwao Zuwena, mchumba hukalishwa kwanza juu ya kitanda cha kamba cha bibi yao, mbele ya shangazi. Kamba zikikatika, na uchumba umekatika.

"Ijumaa uje ukae," shangazi mtu, Bi Mashavu, alimwambia huku akimtazama toka kichwani mpaka miguuni. Safari ndefu hiyo!

Kiboko akarudi nyumbani roho juu. Amkose Zuwena kwa sababu ya makalio? Jirani yake Kindi akachungulia dirishani.

"Vipi jirani, mbona umenuna?"

"Nataka kupungua, Kindi. Nina siku tatu tu!"

"Aaa, kazi ndogo! Utakimbia na utafunga. Tena sikuachi peke yako. Wewe ufunge, na mimi nifunge."

"Kweli utafunga na mimi?"

"Nitafunga mpaka mikono iniume!"

Kiboko hakujiuliza mikono inahusika vipi.

Basi akakimbia. Gubu! Gubu! Gubu! Vilima vikasogea kumpisha. Jasho chururu, bata wakaogelea barabarani. Chakula hagusi, maji hagusi. Na huko jikoni kwake, Kindi naye anafunga.

Ijumaa ikafika. Ngozi ya Kiboko inaning'inia kama kanzu ya kuazima. Akakaa kitandani, macho kayafumba. Kwiiii... Kamba zikalia. Hazikukatika!

"Haya, tumepata mkwe!" Bi Mashavu akapiga vigelegele. "Kaa hapo hapo, baba. Mleteeni sharubati!"

Kiboko na kiu ya siku tatu! Gudu gudu gudu, mtungi wa kwanza. Gudu gudu, wa pili. Kufika wa saba, ngozi imejaa ndi! Kamba moja, ta! Ya pili, ta! Ta-ta-ta-ta... PUUU! Kiboko chini.

"Kumbe hukupungua, baba," akasema Bi Mashavu. "Ulikauka tu. Nenda salama."

Kiboko akarudi kwake analia. Jikoni hamna hata punje. Kindi yuko mlangoni na mizigo mitatu.

"Mwongo wee! Si ulisema utafunga?"

"Ala! Na hii nini? Wa mihogo nimefunga, wa karanga nimefunga, wa mahindi nimefunga. Tazama viganja vilivyochubuka!"

Akabeba mizigo yake, fyuuu, juu ya mti.

Funzo lake, wanangu: ukitoa jasho ukadhani umetoa mwili, glasi ya maji itakuumbua.

Ila hizo siku tatu, nisiwafiche, nimezitia mwenyewe. Kiboko alifunga kuanzia chai ya asubuhi, na kufika saa nne alikuwa ameshazimia mara mbili.