Pua ya Sange Kwenye Simu ya Tembo

Mnanichosha. Choroko zangu zimejaa mawe, sijachambua hata sahani moja, nanyi mnataka hadithi. Tena hadithi ya simu, eti kwa sababu kaka yenu anatafuta kazi mtandaoni. Haya, sogeeni. Atakayecheka kabla ya mahali pa kucheka, choroko hizi atamalizia yeye.

Hapo zamani za kale, kale yenyewe ikiwa haijaota meno, wanyama wote walikuwa na simu. Mwenye kutaka kazi alijiweka kwenye mtandao ulioitwa Tujuane. Unaweka picha, unajisifu, wenzako wanakushuhudia. Fisi aliandika, "Mlezi wa mbuzi, mzoefu." Fisi wenzake wakashuhudia chini yake, "Matunda ya kazi yake tumeyaonja."

Basi Tembo akatangaza humo kwamba anataka mlinzi wa ghala lake la karanga. "Nafasi ni ya wote," aliandika.

Uongo mtupu. Nyati akaomba, akakataliwa. Kifaru akaomba, hata kujibiwa hakujibiwa. Tembo alikuwa akipekua picha mojamoja akitafuta mkonga, maana kazi aliitaka iende kwa ndugu.

Sasa huko bondeni alikaa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Watoto wake walikuwa wanalala na njaa.

"Omba na wewe," mkewe akamwambia.

"Kwa Tembo? Atanikanyaga kabla sijamaliza salamu."

"Si anatafuta pua? Unayo. Ilete hapa."

Mkewe akaisogeza simu karibu, karibu zaidi, mpaka pua ikajaa kioo kizima. Kacha! Macho hayakuonekana wala masikio. Pua tupu, nene, na mikunjo yake.

Tembo alipoiona alipiga mguu chini, ndi, karanga zikaruka ghalani. Akaandika haraka, "Kijana, wewe wa ukoo gani?"

"Wa wenye pua ndefu, mzee."

"Wa bondeni?"

"Huko huko."

"Basi utakuwa mtoto wa dada yangu aliyepotelea bondeni."

"Mzee, ukishasema wewe, mimi ni nani nikubishie?"

Hapo hapo Tembo akaandika mbele ya pori zima: "Mlinzi nimempata. Karibu nyumbani, mpwa wangu."

Asubuhi Tembo akasimama mlangoni pa ghala, kifua mbele. Nyati na Kifaru nao wakaja kumwona huyo aliyewashinda. Wakangoja. Njia nyeupe.

"Shikamoo mjomba."

Tembo akatazama kulia, akatazama kushoto. "Marahaba. Uko wapi?"

"Chini, mjomba. Na huo mguu tafadhali usiusogeze."

Tembo akainama. Alipomwona, puu, akakaa kitako.

"Wewe? Tapeli mkubwa. Hatufanani hata kidogo."

"Undugu ni kufaana, mjomba, si kufanana. Mchwa wanalitafuna ghala lako, na mimi mchwa ndio ugali wangu."

"Ulisema wewe ni tembo."

"Nilisema wapi? Niliweka pua. Tena ya kwangu, sikuazima."

Nyati akakohoa. "Mzee, kama huyu si mpwa wako, hebu tuambie ulimchagua kwa kuona nini."

Sasa Tembo afanyeje? Aseme alichagua pua, mbele ya wale aliowaambia nafasi ni ya wote?

"Ni mpwa wangu," akasema.

Nyati alicheka mpaka akalala chali, miguu juu. Kifaru akajifanya anapiga chafya.

Na mjomba ni mjomba, wajukuu zangu. Sange akaleta mke na watoto. Wakafuata kaka, wakafuata dada, wakafuata na wale ambao hajulikani nani kawaleta, kila mmoja na pua yake. "Shikamoo mjomba, chii. Shikamoo mjomba, chii." Mchwa walikwisha kweli, lakini karanga nazo zikaanza safari. Mdogo wake Sange alipotaka kuoa, mahari akaombwa nani? Mjomba. Tembo akatoa karanga za mwisho ghalani, kisha akambeba bibi harusi mgongoni kutwa nzima, na ukoo wote juu yake ukipiga vigelegele.

Ukiajiri pua, utalisha matumbo.