Udi Juu ya Zulia la Bi Mwanaidi

Mnaotaka hadithi, sogeeni. Msiotaka, zibeni pua, maana hadithi hii inanuka.

Palikuwa na nyumba Tanga, na ndani yake wake watatu wa ndugu watatu, chini ya mama mkwe mmoja. Kila mke alikuwa na kipaji chake.

Siwema, mke wa mwana mkubwa, alikuwa na kichwa. Babu yake alikuwa dobi, akamrithisha dawa za madoa kama wengine wanavyorithishwa mashamba. Ukimwonyesha doa alikuuliza mambo mawili tu: la nini, na la lini.

Kidawa, mke wa mwana wa kati, alikuwa na mikono. Aliweza kumtoa kuku utumbo kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika embe analokula. Choo kikiziba, hakuitwa fundi, aliitwa Kidawa.

Batuli, mke wa mwana mdogo, alikuwa na pua. Aliyajua leo maziwa yatakayochacha kesho. Na kwa kuwa alinusa kila kitu, alichukizwa na karibu kila kitu. Wenzake walimwita Bi Kinyaa. Hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Batuli, mumewe na watoto wao wawili walilala chumba cha uani, kilichochangia ukuta na choo. Miaka sita. Kila alfajiri, kabla hajafumbua macho, alijua nani kaamka na jana alikula nini. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: kuamka siku moja bila kujua.

Chumba kizuri kilikuwa cha mbele, chenye madirisha mawili ya barabarani. Hicho kilikuwa cha Bi Mwanaidi, mama mkwe. Sakafuni palitandikwa zulia la sufu, jekundu, ambalo marehemu mumewe alilileta kutoka Maskati. Mgeni wa heshima hakukalishwa kwingine.

Mwezi wa Rajabu wakaja watu kumposa Riziki, kitindamimba wa Bi Mwanaidi. Udi ulikuwa umefukizwa tangu asubuhi, moshi umetanda hadi dari haionekani. Wageni wakaketi juu ya zulia. Hazikupita dakika tano, mama wa mposaji akavuta ncha ya mtandio, akaziba pua. Sharubati haikunywewa. Waliaga wakisema watarudi, na hawakurudi.

Bi Mwanaidi akawaita wake wa wanawe.

"Ijumaa ijayo, baada ya Alasiri, wanakuja watu wengine," alisema. "Riziki ana miaka thelathini na moja. Hawa nao wakishika pua, basi tena. Nataka zulia hili lisafishwe humu humu, kwa mkono, bila mtaa kujua. Riziki akiolewa nitahamia chumbani kwake, na ufunguo wa chumba hiki nitampa aliyeliokoa zulia."

"Mmoja, mama?" aliuliza Siwema.

"Chumba kimoja, ufunguo mmoja."

Batuli aliyatazama madirisha mawili. Upepo ulikuwa unaingia kwa moja na kutokea kwa jingine.

Kazi ilianza Jumatano asubuhi. Bi Mwanaidi alikaa kitandani, anatafuna tambuu na kutazama. Kidawa aliingia na birika la maji yanayochemka.

"Nimwage?"

"Mwaga, ukitaka kulipika," Siwema alimjibu. "Humu mna cheuo cha mtoto, na cheuo ni maziwa. Maziwa na maji ya moto ni kama yai, likishaiva halirudi kuwa bichi. Kalete ya mtungini."

Madoa ya kuonekana yalikuwa matatu. La kwanza, samli ya biriani ya Idi. Siwema alisema lifunikwe unga wa muhogo kwa saa moja. Unga ukalewa mafuta, ukawa madonge ya kijivu, na Kidawa akayazoa kwa vidole.

La pili, cheuo cha mwanawe Kidawa, cha tangu mwezi uliopita, kimekauka kama ukoko. Siwema alisema likwanguliwe kwanza kwa mgongo wa kijiko. Kidawa akakwangua. Kipande kilimrukia mdomoni. Akakifuta kwa bega, akaendelea kusimulia habari za harusi ya jirani. Batuli alitoka nje, akavuta pumzi, akarudi.

La tatu, mate ya tambuu, rangi ya kutu, mahali ambapo mtemaji alikikosa kitemeo mara nyingi. Kuhusu la nani, hakuna aliyeuliza. Siwema alichanganya siki na maji, akatoa kitambaa cheupe. "Gonga, usisugue. Toka ukingoni uende katikati, ukianza katikati unalitembeza." Kidawa aligonga, akakamua, akagonga. Maji ya kahawia yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Na wewe, Bi Kinyaa?" alisema Kidawa. "Kazi yako kutazama?"

"Kazi yangu kutotapika. Usiione ndogo."

"Usije ukawa na mimba."

"Kwa chumba kile ninacholala? Mimba yenyewe ingekataa kukaa."

Hata Bi Mwanaidi alicheka.

Kufika adhuhuri zulia lilionekana safi. Siwema alianza kukusanya ndoo.

"Bado linanuka," alisema Batuli.

"Ni siki hiyo, mwanangu," alisema Bi Mwanaidi kutoka kitandani. "Nitafukiza udi."

"Siki naijua, mama. Na udi naujua."

Hapo Batuli alifanya jambo ambalo wenzake hawakulitarajia. Alipiga magoti, akalala kifudifudi, akaweka pua yake kwenye sufu. Akaanza kutambaa, shubiri baada ya shubiri. Alinusa nyayo za wageni wa miaka arobaini. Alinusa samli iliyotoka na samli iliyobaki. Mara mbili aliinua kichwa kuvuta hewa, akaendelea. Alipofika ubavuni mwa kitanda akakuta mkeka mdogo umetandikwa juu ya zulia. Akaufunua.

Kwa macho hapakuwa na kitu, wekundu ulificha. Batuli alishusha pua, na mdomo wake ukajaa mate. Ulikuwa mkojo, na haukuwa wa siku moja. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka, na kati ya kila tabaka marashi ya waridi, kisha udi, kisha mkojo tena. Aliinua ukingo wa zulia. Upande wa chini ulikuwa umeloa, umefanya utelezi, na sakafu ilinata vidoleni.

Mkojo wa watoto aliujua, aliufua kila siku. Mkojo wa paka aliujua pia, maana paka wa jirani alikojolea dirisha lake kila wiki. Huu haukuwa wa mtoto wala wa paka.

Aliinua macho. Bi Mwanaidi alikuwa ameacha kutafuna. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika ukingo wa kitanda.

"Umeona nini?" aliuliza Kidawa.

Batuli alimeza mate yaliyomjaa mdomoni. Hakuna alichowahi kumeza kilichomchukiza zaidi.

"Paka," alisema.

"Paka gani? Sisi hatuna paka."

"Wa jirani. Anaingia dirishani."

Bi Mwanaidi alianza tena kutafuna, polepole.

"La lini?" aliuliza Siwema.

"La miezi, dada. La kila mara."

Siwema alikaa chini akafikiri. Kisha akasema: maji baridi tu kwanza, mengi, na kukandamiza hadi yatoke, sabuni isitangulie. Baada ya hapo siki. Baada ya siki, magadi yaliyopondwa, yalale usiku kucha. Asubuhi zulia lianikwe uani, jua lipige pande zote mbili.

Kidawa aliingiza ngumi zake kwenye sufu akaanza kukandamiza. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Alikikinga kwa viganja, akakitia ndooni, akakandamiza tena. Siki ilipokuja ilimwingia kwenye kila mchubuko wa vidole, na magadi yakaja juu ya siki.

Batuli alinusa baada ya kila ndoo. Alipiga magoti, akashusha pua palepale, akasema, "Bado." Akakimbia uani, akatapika, akarudi kunusa tena. Ndoo ya tano, bado. Ndoo ya nane, Siwema na Kidawa wakasema wao hawasikii tena kitu. Batuli akasema bado. Ndoo ya kumi na moja alinusa mara mbili, kisha akainuka.

"Limeisha," alisema.

Jioni ile Kidawa alimkuta paka wa jirani ukutani, akamtupia kandambili. Ilimpata. Batuli aliona, akaenda kuiokota kandambili.

Ijumaa wageni walikuja, wakaketi. Mama wa mposaji alikunywa glasi mbili za sharubati, akaupitisha mkono wake juu ya sufu, akaomba ya tatu. Riziki aliolewa Mfungo Mosi.

Asubuhi ya baada ya harusi, Bi Mwanaidi aliwaita tena, ufunguo mkononi. Alikuwa ameshalala usiku wake wa kwanza kwenye chumba cha Riziki, kinachopakana na cha mbele.

"Semeni," aliwaambia.

"Bila mimi, zulia lingepikwa na birika," alisema Siwema. "Kunusa na kukanda bila kujua dawa ni kusumbua maji. Nina watoto watano, mama, wanalala kama fungu la dagaa."

"Maneno ya dada Siwema hayakutoa hata tone," alisema Kidawa, akanyoosha mikono. Ngozi ya vidole iliyokuwa imebabuka ilirudi na makovu. "Hii ndiyo iliyotoa. Na mvua ikinyesha mimi nalala na sufuria kifuani, bati lote matundu."

Wote wakamgeukia Batuli. Miongoni mwao yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema, na hakuna hata moja lililosemeka.

"Mimi nilinusa tu," alisema.

"Hata yule paka angenusa," alisema Kidawa.

 Batuli alimtazama mama mkwe wake akiugeuza ufunguo, akajua kinachomkwamisha. Akipewa yeye, wenzake watauliza kwa nini, na jibu halipo. Tena machoni pa mama mkwe ataonekana kanunuliwa mdomo, ilhali hakuuza. Akinyimwa, aliyeificha aibu ya mwenye nyumba anarudishwa kulala na choo.

Kisha akavuta pumzi, na mlango wa chumba cha Riziki ulikuwa wazi. Udi ulikuwa umeshafukizwa humo, na jua lilikuwa halijapanda. Chini ya udi palikuwa na kitu kingine. Batuli peke yake ndiye aliyekisikia.

Aliyatazama madirisha mawili ya chumba cha mbele, halafu ukuta unaokitenganisha na cha Riziki, mmoja tu, kama ule wa choo.

Bi Mwanaidi amenyoosha mkono wenye ufunguo. Mbele yake kuna kichwa kilichojua, mikono iliyobabuka, na pua iliyonyamaza. Nyinyi ambao hamtalala nyumba ile, niambieni: ufunguo mngemkabidhi nani? Na Batuli, akikabidhiwa, aupokee?