Tonge la Kwanza la Mzee Kipande

Nassoro Kipande alikuwa mwenye kinu tajiri, na serikali ilimpa kazi ya kupeleka unga shuleni. Sheria mpya ilitaka unga upimwe kwanza sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Naye akamwamuru mkaguzi, Bi Tabitha, augonge muhuri bila kuupima.

Tabitha, aliyemcha Mungu kuliko matajiri, akaandaa ugali mbele ya walimu.

"Nitagonga, mzee wangu. Ila kwa desturi, mwenye chakula huonja kwanza."

"Nimeshiba."

"Tonge moja tu. Watoto watakula sahani nzima."

"Mahindi yale yalilowa, binti. Unataka nife?"

Walimu wakaacha kunawa.

"Sitaki, baba, hata wewe Mungu anakupenda," alisema Tabitha. "Kula. Huu ni unga wa nyumbani kwangu. Magunia yako sijayafungua."